Vidonda vya tumbo: Wengi wasingizia maharage, chanzo ni bakteria

WATU wazima wengi wanaosumbuliwa na maumivu ya chembe ya moyo huacha maharage na pilipili, hunywa maziwa na kununua dawa za kupunguza asidi katika duka la dawa la jirani. Nafuu huja kwa siku chache, kisha maumivu hurejea.

Mara nyingi chanzo huwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hujikinga dhidi ya asidi na kuishi katika ukuta wa mfuko wa chakula. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kuwa vidonda huletwa na mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1984, Dk. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao kwa makusudi, akaanza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha uvimbe katika mfuko wake wa chakula. Yeye na mwenzake, Robin Warren, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Maambukizi hutokea zaidi utotoni na hudumu kwa miaka mingi. Walio hatarini ni waliokulia katika nyumba zenye msongamano, vyoo duni na maji yasiyo salama, pamoja na wanaoishi na mtu aliyeambukizwa. Kwa hiyo, kuhamia nyumba nzuri ukubwani hakumwondolei mtu bakteria aliyekuja naye. Sigara, na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, humwongezea aliyeambukizwa hatari ya kupata vidonda.

Wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote. Wengine huhisi tumbo kuwaka moto juu ya kitovu, hasa likiwa tupu au usiku, kujaa gesi, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Anayepata choo cheusi kama lami au kutapika damu anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo. Kupungua uzito na kushindwa kumeza nako si jambo la kusubiri: tangu mwaka 1994, Shirika la Afya Duniani linamtambua bakteria huyo kuwa chanzo cha saratani ya tumbo, ingawa huwapata wachache.

Kipimo cha choo au cha pumzi huaminika zaidi kuliko cha damu, ambacho huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha pona. Dawa za kupunguza asidi, zile zile zinazonunuliwa kiholela, huweza kumficha bakteria. Daktari huagiza zisitishwe wiki mbili kabla ya kupima.

Tiba huchanganya antibaiotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Mgonjwa hupimwa tena angalau wiki nne baada ya kumaliza dozi, hata kama maumivu yamekwisha.