Dawa Imepimwa kwa Nani? Tiba ya Saratani ya Titi na Swali la Naviundu

Mto Naviundu umeandikwa sana na wanakemia. Bamba Bukengu Muhaya na wenzake walipima metali katika maji na matope ya bonde lake, wakachota pia sampuli katika mito ya Luano na Ruashi na katika chemchemi ya Luwowoshi, kote huko ndani ya jiji la Lubumbashi, Kongo. Kabla yao, mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, alionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mkojoni, hata wale ambao hawajawahi kushika sururu. Kwa hiyo mwanamke wa Naviundu akiambiwa ana saratani ya titi, si ajabu jirani zake wakaanza kuyatuhumu maji.

Tuhuma hiyo inastahili kuchunguzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka kadimiamu katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na mwaka 2022 wataalamu wake waliipandisha kobalti hadi kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Hata hivyo ushahidi dhidi ya kadimiamu umesimama hasa juu ya mapafu. Kuhusu titi bado haujatulia. Na hata ukitulia kesho, jibu lake litamkinga binti. Mama ambaye uvimbe umekwisha kuota kifuani ana swali jingine: atibiwe kwa nini, wapi, kwa muda gani, na ni nani aliyethibitisha kwamba tiba hiyo inamfaa mtu wa hali yake. Makala haya yanadai kwamba swali hili la pili ndilo linalopaswa kuongoza utafiti wa saratani ya titi Lubumbashi, na kwamba jiji lina uwezo wa kulijibu kuliko linavyodhaniwa.

Mahali pa karibu ambapo wagonjwa wamefuatiliwa kwa uangalifu ni Zambia. Mradi wa ABC-DO, ulioratibiwa na IARC, uliandikisha wanawake wenye saratani ya titi Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia kati ya 2014 na 2017, kisha ukawa unawapigia simu kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health: kati ya wanawake 2,228, nusu tu walikuwa hai baada ya miaka 3. Uganda na Zambia kiwango kilikuwa kati ya asilimia 44 na 47. Nigeria asilimia 36. Namibia, ndani ya mipaka ya nchi moja, wanawake weupe asilimia 90 walikuwa hai na weusi asilimia 56. Baiolojia ya uvimbe peke yake haiwezi kubeba pengo la namna hiyo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuzuilika kwa kuwafikisha wagonjwa mapema na kuboresha tiba. Katika uchambuzi mwingine wa wanawake hao hao, kila vifo 100 vya walio chini ya umri wa miaka 50 viliacha watoto 210 bila mama.

Kongo haikuwamo katika orodha ya nchi hizo. Wanawake wa Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, wanatibiwa kwa hesabu zilizofanywa juu ya miili ya watu wengine, na safari nyingine kwa hesabu ambazo hata hazigusi vifaa vilivyopo hospitalini mwao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipande cha nyama kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe. Maabara ya patholojia hutafuta ndani yake vipokezi vya homoni. Vikiwepo, mgonjwa anaweza kunufaika na tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kinachomezwa mara moja kwa siku kwa miaka 5. Jaribio la kimataifa la ATLAS lilionyesha mwaka 2012 kwamba kuendelea nacho hadi miaka 10 kunapunguza zaidi kurudi kwa ugonjwa na vifo vinavyotokana nao. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vipokezi visipokuwepo, kidonge hicho hakisaidii. Basi maisha ya mtu yanaweza kuning'inia kwenye rangi inayoonekana chini ya hadubini.

Rangi hiyo huharibika kwa urahisi. Mwongozo wa maabara unataka kipande kiingizwe kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa mezani, kikasafirishwa katika chombo kisicho na dawa ya kutosha au kikasahauliwa kwa wiki mbili, vipokezi hufifia na majibu yanatoka kana kwamba havikuwepo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba saratani ya wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara kwa kawaida haisikii homoni. Mwaka 2014 Amanda Eng, Valerie McCormack na Isabel dos-Santos-Silva walikusanya tafiti za bara zima na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya uvimbe kusini mwa Sahara una vipokezi, na kwamba kiwango kilishuka pale watafiti walipotumia vipande vilivyolala stoo badala ya vilivyochukuliwa upya kwa utaratibu. Sehemu ya ile iliyoitwa tofauti ya Kiafrika ilikuwa kasoro ya kuhifadhi. Ni jambo la kuhuzunisha sana, kwa sababu kila jibu lililokosewa hivyo linamnyima mgonjwa kidonge ambacho pengine angemudu kukinunua.

Utafiti wa tiba, basi, hauanzi na molekuli mpya. Unaweza kuanza na saa ya ukutani katika chumba cha upasuaji.

Ziko nchi zilizolielewa hilo mapema. Kati ya 1993 na 1999, daktari Mmarekani Richard Love na wenzake wa Vietnam na China waliandikisha wanawake 709 ambao hawajakoma hedhi na ambao uvimbe wao ulikuwa bado unaweza kutolewa kwa upasuaji. Tibakemikali ilikuwa ghali na adimu, kwa hiyo waliuliza jambo linalopimika hapo hapo: je, kuondoa ovari na kutoa tamoksifeni kunaokoa maisha? Baada ya miaka 5, asilimia 75 ya waliopewa tiba hiyo mapema walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 58 ya wale waliosubiri hadi urudi. Hospitali yenye chumba cha upasuaji na duka la dawa inaweza kulitumia jibu hilo asubuhi inayofuata.

India imekwenda mbali zaidi. Rajendra Badwe wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, aliongoza jaribio katika vituo 11 ambamo nusu ya wanawake, waliopangwa kwa kura, walidungwa lidokaini kuuzunguka uvimbe dakika chache kabla ya kisu. Lidokaini ni ganzi ile ile anayoitumia daktari wa meno. Matokeo ya wanawake 1,583, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalikuwa hivi: baada ya miaka 5, asilimia 90.1 ya waliodungwa walikuwa hai, na asilimia 86.4 ya wasiodungwa. Nukta chache za asilimia, kwa gharama ambayo karibu haionekani katika bili. Yangefaa kurudiwa kwingine kabla ya kuwa kanuni ya dunia nzima, na hapo ndipo hospitali kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi zingeweza kutoa mchango unaohitajika na wote, Wazungu wakiwemo.

Mionzi ina hesabu yake. Mgonjwa wa Lubumbashi anayehitaji mashine hutazama Kinshasa, umbali wa takriban kilomita 1,500 kwa ndege, au husafiri zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, akivuka mpaka Kasumbalesa, hadi Lusaka, ambako Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ilifunguliwa mwaka 2007. Mashine nazo zina siku zake: mwaka 2016 ile ya pekee ya Mulago, Kampala, iliharibika na Uganda nzima ikabaki bila tiba hiyo. Jaribio la FAST-Forward la Uingereza, lenye wagonjwa 4,096, lilionyesha mwaka 2020 kwamba vipindi 5 katika wiki moja vinazuia ugonjwa kurudi sawa na vipindi 15 katika wiki tatu. Kwa mtu anayelipa chumba ugenini, wiki mbili zilizookolewa ni karo ya mtoto. Lakini wanawake wa jaribio lile walikuwa na ugonjwa wa hatua za mwanzo, na wengi wanaofika hospitali za ukanda huu wana uvimbe mkubwa uliokwisha kuingia tezi za kwapani. Je, vipindi 5 vinawatosha? Jibu haliwezi kuagizwa kutoka Uingereza. Kadhalika trastuzumabu, dawa ya uvimbe wenye protini ya HER2 kwa wingi: jaribio la Persephone lilionyesha kwamba miezi 6 inakaribiana na 12 kwa manufaa, habari ambayo uzito wake ni mkubwa zaidi pale ambapo hakuna bima ya kulipa hata mwezi mmoja.

Kuna wanaopinga, na pingamizi lao ni zito. Wanasema kufanya majaribio mahali ambapo tiba ya kawaida haipatikani ni kuwageuza maskini kuwa vifaa vya maabara, na kwamba kupima tiba ya bei nafuu ni kukubali tabaka mbili za udaktari. Historia ya Kongo inawapa haki ya kuogopa. Lakini woga huo unadai masharti, haudai kukaa kimya. Bila utafiti, mwanamke wa Naviundu bado anajaribiwa, ila bila kumbukumbu: anapewa mizunguko mitatu ya tibakemikali kati ya sita kwa sababu pesa zimekwisha, na hakuna anayeandika kilichompata.

Kwamba Lubumbashi inaweza kuandika, imekwisha kudhihirika. Kuanzia Machi 2013 hadi Februari 2015, Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge na wenzao walitafuta watoto waliozaliwa na kasoro za mwili katika jiji lililokuwa na vizazi 133,662 kwa muda huo. Waliwapata 138, wakawalinganisha na watoto 108 wasio na kasoro, na kuonyesha kwamba kasoro zilihusiana na baba kufanya kazi za madini. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Planetary Health, ulihitaji wakunga walio makini, maabara, ushirikiano wa kweli na Leuven, na subira. Jiji lililoweza kuwatafuta watoto hao wadi kwa wadi linaweza kuandikisha kila mwanamke anayekutwa na saratani ya titi, tangu kituo cha afya cha mtaa hadi meza ya patholojia. Daftari hilo hilo lingewapa pia wanakemia wa mto Naviundu kitu ambacho hawajawahi kuwa nacho: anwani za wagonjwa za kulinganisha na ramani ya metali.

Daftari hilo lianze na vipimo vilivyokwisha kukubaliwa duniani. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua mbili za kwanza, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize tiba. Ni muhimu pia kuandika saa ya formalini. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kumbukumbu za namna hiyo, jaribio la lidokaini au la muda wa mionzi kwa kushirikiana na Lusaka halitakuwa ndoto.

Masharti yawekwe tangu mwanzo. Fomu ya ridhaa isiwe ya Kifaransa peke yake; isomwe kwa sauti kwa Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, mbele ya ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, na ieleze bila kuficha kwamba tiba itapangwa kwa kura. Iseme nani analipa nauli. Azimio la Helsinki la 1964, kama lilivyorekebishwa, linataka wadhamini wapange mapema jinsi washiriki watakavyoipata tiba iliyothibitika baada ya jaribio kwisha. Kamati ya maadili ya Lubumbashi ikiletewa itifaki ya tamoksifeni, itakuwa na haki ya kuirudisha mpaka ionyeshe vidonge vya mwaka wa pili hadi wa tano vitatoka wapi.