Daktari wa farasi

Daktari wa farasi ni daktari wa wanyama anayeshughulikia hasa afya ya farasi na jamaa zake wa karibu, yaani punda na nyumbu (chotara wa punda dume na farasi jike, si nyumbu wa porini). Kazi yake ni kuzuia magonjwa, kutibu wagonjwa na majeruhi, kusaidia uzazi, kutunza meno, kuchunguza miguu na kuwashauri wenye wanyama.

Daktari wa mbwa na paka kwa kawaida huletewa mgonjwa. Daktari wa farasi mara nyingi humfuata mgonjwa zizini, kwa sababu farasi wengi wazima huwa na uzito wa kilogramu 400 hadi 600, na anayeumwa sana hasafirishwi kwa urahisi. Kwa hiyo gari la daktari huwa kama zahanati ndogo: hubeba dawa, stetoskopu, mipira ya kupitisha tumboni, tupa za meno, na mara nyingi mashine ndogo za eksirei na altrasaundi.

Historia

Utunzaji wa farasi umeandikwa tangu zamani. Katika karne ya 4 KK Mgiriki Xenofoni alieleza jinsi ya kuchagua na kutunza farasi. Alishauri sehemu ya uwanja wa zizi itandazwe mawe ya mviringo ili kwato ziwe ngumu. Neno la Kigiriki kwa tabibu wa farasi, hippiatros, liliingia katika Kiarabu na kuwa baitar, jina la daktari wa wanyama kwa jumla. Tangu karne ya 9 waandishi wa Kiarabu walitunga vitabu vingi juu ya upandaji na tiba ya farasi. Mwaka 1598 kilitolewa kitabu cha Carlo Ruini wa Bologna, Italia, chenye michoro ya kina ya mwili wa farasi.

Shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama ya Ulaya ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761 na Claude Bourgelat, ambaye awali alikuwa mkuu wa chuo cha upandaji farasi. Chuo cha London kilifuata mwaka 1791. Wakati huo farasi alivuta magari, alilima mashamba na kubeba majeshi, hivyo udaktari wa wanyama ulikuwa kwanza udaktari wa farasi. Baada ya magari ya injini na matrekta kuenea katika karne ya 20, farasi wa kazi walipungua katika nchi zenye viwanda, na madaktari wengi wakahamia kwa ng'ombe na wanyama wa nyumbani. Waliobaki na farasi leo huhudumia hasa wanyama wa mashindano, wa burudani na wa uzazi. Katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, mgonjwa wa kawaida bado ni mnyama wa kazi.

Vipimo vya afya

Daktari huanza kwa kumtazama mnyama kwa mbali kabla ya kumgusa: amesimamaje, anakula, anapumuaje, kinyesi chake kikoje. Kisha huchukua vipimo. Kwa farasi mzima aliyetulia, viwango vya kawaida ni hivi:

- Joto la mwili: takriban nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa
- Mapigo ya moyo: 28 hadi 44 kwa dakika
- Pumzi: 8 hadi 16 kwa dakika
- Ufizi: rangi ya waridi na wenye unyevu, ukibonyezwa kwa kidole, rangi hurudi ndani ya sekunde 2 hivi

Mwenye farasi hushauriwa kujua vipimo vya mnyama wake akiwa mzima, ili ayatambue mabadiliko mapema na kumweleza daktari kwa simu. Mapigo yakipita 60 kwa dakika hali farasi amesimama tu, mara nyingi ni dalili ya maumivu makali au hatari nyingine.

Msokoto wa tumbo

Msokoto wa tumbo ni mojawapo ya sababu kuu za kumwita daktari kwa dharura, na huua farasi wengi. Chanzo chake kimo katika umbo la mwili wenyewe. Farasi ana tumbo dogo, ujazo wa lita 8 hadi 15 tu, lakini utumbo wake ni mrefu, una mikunjo mingi na umeshikizwa kwa ulegevu, hivyo unaweza kuziba, kujaa gesi au kujipinda. Isitoshe, farasi hawezi kutapika. Chakula au gesi ikikwama, tumbo linaweza kupasuka.

Dalili ni kukataa chakula, kuparapara ardhi kwa mguu wa mbele, kugeuka kuangalia ubavu, kulala na kuinuka mara kwa mara, kugaagaa, kutoka jasho na kukosa kinyesi. Mwenye mnyama hutakiwa kumwita daktari mara moja, kuondoa chakula na kumpeleka mnyama mahali pasipo na vitu vya kumjeruhi. Anaweza kumtembeza polepole, mradi asimchoshe. Hapaswi kumnywesha dawa au mafuta kwa chupa, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Dawa ya maumivu ikitolewa bila uchunguzi inaweza kuficha dalili huku utumbo ukiendelea kufa.

Daktari hupitisha mpira kutoka puani hadi tumboni ili kutoa gesi na maji yaliyokwama, huchunguza utumbo kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, na hutoa dawa. Wagonjwa wengi hupona kwa njia hizi. Utumbo uliojipinda huhitaji upasuaji wa nusukaputi ndani ya saa chache. Pasipo hospitali yenye uwezo huo, mnyama hawezi kuokolewa.

Kinga kubwa ni lishe ya kawaida isiyobadilishwa ghafla. Farasi ameumbwa kula majani kidogo kidogo karibu siku nzima. Hushauriwa apate majani, mabichi au makavu, yasiyopungua asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yakipimwa bila maji yake. Kwa mnyama wa kilogramu 400 hiyo ni kilo 6. Nafaka hugawanywa katika milo midogo, na chakula kipya huingizwa taratibu kwa siku 7 hadi 14. Maji safi, lita 20 hadi 40 kwa siku au zaidi wakati wa joto na kazi, yawepo muda wote.

Sumu katika chakula cha mifugo wengine

Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe huchanganywa na dawa iitwayo monensini. Dawa hiyo haiwadhuru kuku na ng'ombe ikitumiwa kwa kipimo chake, lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi na kumuua. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Kwa hiyo farasi na punda hawapaswi kulishwa mabaki ya chakula cha mifugo wengine, na magunia yatunzwe mbali nao.

Kwato na miguu

Ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Husafishwa kila siku na kukatwa na fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Daktari na fundi hufanya kazi pamoja, kwani ukwato uliokatwa vibaya huumiza viungo vya mguu mzima.

Farasi anayechechemea ghafla kiasi cha kuogopa kukanyaga mara nyingi ana jipu ndani ya ukwato. Daktari hutafuta mahali penye maumivu kwa koleo maalumu, hutoboa na kutoa usaha. Msumari ukiingia ndani ya ukwato, ni afadhali usichomolewe kabla daktari hajapiga picha ya eksirei, ili ajue umefika wapi. Huchomolewa mapema ikiwa tu mnyama akikanyaga atauzamisha zaidi.

Hatari zaidi ni laminitisi, uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa wa mwisho wa mguu ndani ya ukwato. Tishu hizo zikilegea, mfupa hushuka na unaweza kutoboa unyayo. Sababu ni pamoja na kula nafaka nyingi kwa mara moja, nyasi zenye sukari nyingi, kondo la nyuma kubaki tumboni baada ya kuzaa, na magonjwa ya homoni. Mgonjwa husimama akiegemea nyuma ili kupunguza uzito kwenye miguu ya mbele, na kwato zake huwa za moto. Huwekwa mahali laini bila kutembezwa, na kwato hupozwa kwa barafu ugonjwa unapoanza.

Meno

Meno ya farasi huendelea kuchomoza milimita 2 hadi 3 kwa mwaka huku yakisagika kwa kutafuna. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo kali hujitokeza upande wa nje wa meno ya juu na upande wa ndani wa meno ya chini, zikijeruhi mashavu na ulimi. Kudondosha chakula kilichotafunwa nusu, kukonda na kukataa lijamu ni dalili zake. Daktari hukagua kinywa angalau mara moja kwa mwaka na kulainisha kingo kwa tupa.

Chanjo na minyoo

Pepopunda ni ugonjwa ambao katika Kiswahili umebeba jina la punda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na huingia mwilini kupitia jeraha, hata tundu dogo la msumari. Farasi huathirika haraka kuliko wanyama wengi wafugwao: mwili hukakamaa, masikio husimama, mkia huinuka na taya hufunga. Wengi hufa. Chanjo huzuia ugonjwa huu vizuri. Mwanzoni hutolewa sindano 2 zikiachana wiki 4 hadi 6, kisha hurudiwa kwa vipindi. Chanjo nyingine, kama za mafua ya farasi na kichaa cha mbwa, hutegemea nchi.

Zamani farasi walipewa dawa ya minyoo kwa ratiba bila kupimwa, na minyoo mingi ikazoea dawa. Siku hizi hushauriwa kuhesabu kwanza mayai ya minyoo katika kinyesi kwa hadubini, kisha kuwatibu wanaohitaji tu. Kuzoa kinyesi malishoni mara 2 kwa wiki hupunguza minyoo bila dawa yoyote.

Uzazi

Mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11. Kuzaa kwenyewe ni kwa haraka, na kuchelewa kwa nusu saa baada ya chupa kupasuka ni dharura. Mtoto hutarajiwa kusimama ndani ya saa 1, kunyonya ndani ya saa 2, na kondo la nyuma kutoka ndani ya saa 3. Mtoto wa farasi huzaliwa karibu bila kinga ya magonjwa, akiipata katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake hupokea kinga hiyo kwa siku ya kwanza tu. Asiponyonya, lazima apewe dang'a kwa njia nyingine.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika

Ugonjwa huu wa virusi huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma hasa jioni na alfajiri. Huweza kuua hadi asilimia 90 ya farasi walioambukizwa wasio na kinga, ilhali pundamilia hawaonyeshi dalili na punda wa Afrika huugua kidogo tu. Mlipuko wa 1854–1855 katika Koloni ya Rasi, Afrika Kusini, uliua farasi karibu 70,000. Mwaka 1987 virusi vilifika Hispania pamoja na pundamilia walioletwa kutoka Namibia, na mwaka 2020 vilizuka Thailand. Hakuna tiba ya kuviua virusi. Kinga ni chanjo na kuwafungia farasi ndani kabla ya machweo hadi baada ya macheo.

Afrika ya Mashariki

Farasi ni wachache Afrika ya Mashariki. Mbali na ugonjwa uliotajwa, mbung'o hueneza nagana, ambayo huua farasi katika maeneo mengi ya pori. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalipoteza wanyama wengi wa kupanda kwa sababu hiyo. Mashindano ya farasi hufanyika Nairobi katika uwanja wa Ngong.

Punda ni wengi zaidi. Hubeba maji, kuni, mazao na mizigo ya ujenzi, na mjini Lamu, penye vichochoro vyembamba, ndio usafiri wa kawaida wa mizigo. Shida zao kubwa ni vidonda vya matandiko na hatamu, kwato ndefu, minyoo na mizigo mizito. Punda huficha maumivu kuliko farasi: anayeumwa tumbo anaweza kusimama tu kimya bila kugaagaa. Punda aliyeacha kula anahitaji daktari siku hiyohiyo. Kwa familia inayomtegemea, kifo chake ni kupoteza kipato, na mzigo hurudi mgongoni mwa wanawake na watoto. Madaktari wa wanyama husomeshwa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Kumaliza mateso

Sehemu ngumu ya kazi hii ni kumuua mnyama asiye na tumaini la kupona, kwa sindano ya dawa au kwa risasi. Farasi aliyevunjika mfupa mkubwa wa mguu mara nyingi hawezi kuokolewa, kwa sababu hawezi kulala kitandani kama binadamu, na mguu mzima ukibeba uzito wote kwa wiki nyingi unaweza kupata laminitisi. Daktari humweleza mwenye mnyama hali ilivyo, gharama na uwezekano wa kupona, kisha uamuzi hufanywa pamoja. Nyama ya mnyama aliyeuawa kwa sindano hailiwi na watu, mbwa wala ndege, kwa kuwa dawa hubaki ndani yake. Mzoga huzikwa kwa kina au kuchomwa.