Kijumba cha Posta Ndani ya Simu

Juzi mpwa wangu aliniletea ujumbe wa simu wenye maneno matatu tu: "Mjomba, nipo hapa." Mbele yake aliweka picha ndogo ya jengo lenye alama mfano wa msalaba. Nilishtuka. Nikajua ni hospitali. Nikampigia simu mbio, naye akacheka: "Mjomba, hapa ni posta! Nimefuata kifurushi."

Kumbe haukuwa msalaba. Ni mstari mmoja uliosimama, na juu yake miwili imelala. Mjapani akiiona alama hiyo haulizi, ni posta. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hii iliundwa mwaka 1887.

Posta ya kisasa ya Japani ilianza mwaka 1871 kwa juhudi za Maejima Hisoka, ambaye hadi leo anaitwa baba wa posta nchini humo. Mwaka 1885 ikaundwa Wizara ya Mawasiliano, kwa Kijapani Teishinsho, nayo ikataka nembo. Februari 1887 ikatangazwa alama iliyofanana na herufi T. Siku chache baadaye tangazo likasahihishwa, ukaongezwa mstari wa juu. Inaelezwa kwamba T ilikuwa tayari alama ya kimataifa ya barua isiyolipiwa stempu za kutosha. Hebu fikiri, msikilizaji: posta ya nchi nzima ijitangaze kwa alama ya deni! Kwa mistari miwili, nembo ikafanana na herufi ya Kijapani isomwayo "te", mwanzo wa jina la wizara.

Wizara hiyo ilivunjwa mwaka 1949. Alama ikabaki. Mwaka 1968 Japani ilipoanza kutumia namba za posta katika anwani, alama ikawekwa mbele ya namba hizo. Kisha ukaja mtihani mkubwa. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Koizumi aliitisha uchaguzi baada ya muswada wake wa kubinafsisha posta kukataliwa na baraza la juu la Bunge. Vijijini watu waliingiwa na hofu, maana posta ilikuwa pia mahali pao pa kuweka akiba tangu mwaka 1875. Koizumi alishinda, na Oktoba 2007 posta ikawa kampuni. Mwenye nyumba alibadilika, kibao cha mlangoni hakikubadilika.

Picha hizi za simu, yaani emoji, zilikulia huko huko Japani. Mwaka 2010 zilipoingizwa katika Unicode, utaratibu wa kimataifa wa herufi za kompyuta, majengo ya posta yalipewa nafasi mbili: la Kijapani, na la Kiulaya lenye pembe waliyokuwa wakiipuliza matarishi wa zamani. Basi. Sisi wa S.L.P. tunaazima jumba la wenzetu.

Simlaumu mpwa wangu. Posta ni posta. Wala siwaonei wivu Wajapani kwa picha. Nawaonea wivu kwa kitu kilicho nyuma yake. Alama haipati heshima kwa rangi iliyopakwa, huipata kwa barua iliyofika na akiba iliyokutwa salama, mwaka baada ya mwaka, hata wizara zikifa.

Je, msikilizaji, ni nembo ipi ya ofisi zetu ambayo mjukuu wako ataitambua bila kuuliza, na akiiona atatulia?