M-Pesa Kabla ya Sheria

Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria ya pesa za simu. Benki zilikuwa na sheria yake, kampuni za simu zilikuwa na yake, na huduma hii haikuingia sawasawa kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Benki Kuu ingeweza kuizuia kwa sababu hiyo tu.

Badala yake ilikaa na wabunifu na kuwahoji. Majaribio ya huduma hiyo mwaka 2005, yaliyogusa wakopaji wa shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, yalilenga urejeshaji wa mikopo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo swali likawa zito: kampuni ikifilisika, pesa ya mteja itakuwa ya nani? Jibu lilikuwa akaunti ya amana. Kila shilingi iliyo kwenye simu ilipaswa kuwa na mwenzake benki, chini ya wadhamini, na Safaricom haikuruhusiwa kuikopesha wala kuitumia. Muamala mmoja ulikomea shilingi 35,000. Hapo ndipo Benki Kuu ilipoandika barua ya kutopinga.

Wananchi nao walihitaji kuelewa, na darasa lao likawa dukani kwa wakala. Mteja alionyesha kitambulisho, akatia sahihi kwenye daftari, kisha akasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake kabla ya kuondoka. Ujumbe ule ndio uliojenga imani kuliko tangazo lolote. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamejisajili.

Desemba 2008, John Michuki, kaimu waziri wa fedha, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Ukaguzi ulifanyika, na Januari 2009 umma ukatangaziwa kwamba ni salama. Serikali ilifanya vyema kuuliza, na vyema zaidi kujibu hadharani. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ilikuja 2011.

Programu za mikopo ya simu hazikupata jicho hilo mapema. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wakopeshaji walichota namba zilizohifadhiwa kwenye simu za wateja, wakawapigia ndugu, marafiki na hata waajiri ili kumwaibisha mdaiwa. Kila mmoja wa watu hao aliumizwa na uzembe ulioweza kuzuilika, kwani namna ya kusimamia ilikuwa imeshajulikana tangu 2007. Bunge liliwaweka wakopeshaji hao chini ya leseni ya Benki Kuu mwaka 2021.