Mwalimu Sikujua na Kasisi Taylor

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, na zingalitoweka pamoja nao lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi asingalizikusanya. Kasisi William Edward Taylor, mmisionari Mwingereza aliyefika pwani mwaka 1880, alijifunza kwake. Wala si jambo dogo kwa kasisi wa enzi ile kukaa chini afundishwe na Mwislamu. Taylor alikusanya miswada, akaijazia maelezo, na mwaka 1891 akachapisha London kitabu cha methali za Kiswahili. Alifariki mwaka 1927. Karatasi zake zimo katika maktaba ya SOAS, London. Diwani ya Muyaka ilipochapwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri wake alikuwa Mwingereza mwingine, William Hichens.

Simlaumu Taylor. Kinachonisumbua ni kwamba wanafunzi hunijia na majina ya Taylor na Hichens, ilhali la Sikujua hulisikia darasani kwa mara ya kwanza. Na huku kwetu Mbalibali, wazee wanaozijua simulizi za koo za Wakurya wanaandikwa na nani, na daftari hizo zitahifadhiwa wapi?