Kupaki Kinyumenyume Nchini Japani

Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1886, halikuwa na gia ya rivasi. Kulirudisha nyuma ilibidi lisukumwe. Gia hiyo ilipokuja, dereva akapata njia mbili za kupaki: kutanguliza pua au kuingia kinyumenyume.

Njia ya pili imeota mizizi Japani. Mwaka 1962 nchi hiyo ilitunga sheria inayomtaka mwenye gari athibitishe kwamba ana mahali pa kuliweka; siku hizi mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Mijini nafasi ni finyu na vichochoro vyembamba. Kwa kuwa magurudumu yanayokata kona ni ya mbele, gari linalorudi nyuma hujipenyeza ambapo linaloingia kwa pua lingekwama. Nafasi nyingi zina vizuizi vya zege chini: tairi za nyuma zikigusa, gari limefika. Wakati wa kutoka, dereva anaona barabara yote. Hasara ni kwenye buti, ambalo hubaki limebanwa na ukuta.

Vifaa vikafuata mazoea. Toyota Soarer ya 1991 ilikuwa na kamera ya nyuma, na Prius ya 2003 iliweza kujizungushia usukani ikipaki. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hushuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na kamera hizo. Mistari ya rangi kwenye skrini inaeleweka na yeyote. Maandishi ya Kijapani pembeni yake huachwa yalivyo.