Impunzi, mkimbizi, refugee

Nilipofika Musaga mwaka 2012 nikitokea Uvira, mama mwenye nyumba alinipangisha chumba cha uani na siku hiyohiyo akanipa jina: impunzi. Hakuwa na ubaya. Jioni aliuliza, "Impunzi yangu imekula?" Musaga ndo hivyo, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vinapikwa chungu kimoja.

Impunzi inatoka kwenye guhunga, kukimbia hatari. Mkimbizi naye katoka kwenye kukimbia. Maneno yote mawili yanamtazama mtu mgongoni, yanaona mbio na vumbi tu. Nikadhani refugee ya kwenye makaratasi ni vilevile. Kumbe sivyo.

Waingereza walilitoa kwa Wafaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu tangu 1598. Wakatawanyika: Uholanzi, Prussia, Uingereza. Wafumaji wa hariri wengi walikaa Spitalfields, London. Hao ndio waliitwa réfugiés, watu waliopata pa kujihifadhi, na Kiingereza kikasema refugee. Mzizi ni Kilatini, refugium, yaani kimbilio. Mbio zimo ndani yake, sikatai, ila neno linaishia pale mtu alipofikia.

Mkataba wa Geneva wa 1951 ukalifanya neno la sheria: mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa. Waafrika mwaka 1969, kupitia OAU, wakaongeza anayekimbia vita na fujo kubwa. Hapo wengi wetu ndipo tulipopata mlango.

Lakini tazama, kimbilio tunalo kwa Kiswahili, na Warundi wana ubuhungiro. Mbona hatuitwi kwa hayo? Kwenye usaili nimeulizwa nilikimbia nini, lini, njia gani. Nimejibu mara tano. Nimefikia wapi, naishije hapa, hilo bado.

Basi tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yakaanza Bujumbura, na Musaga ikawa mojawapo ya mitaa yenye moto: matairi, mawe barabarani, risasi. Mwezi Mei nilikuwa Kagunga, ufukweni mwa Tanganyika, nikingoja Liemba na maelfu ya watu. Tukashushwa Kigoma, tukaletwa Nyarugusu.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye foleni ya maji, nikasikia sauti naijua. Mama mwenye nyumba, na kitenge kilekile. Alikuwa na karatasi mpya mkononi, akanipa nimsomee. Nikamwambia, "Mama, wameandika refugee."

"Ndiyo nini?"

"Impunzi."

Akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Nikaanza kumweleza habari za Wafaransa na kimbilio. Akanikatiza.

"Mwanangu, kwenye hema lako kuna nafasi ya mkeka mmoja?"

Nikabeba ndoo yake.